Kitu Kilichokaa Mlangoni

Jumatatu, tarehe 3. Mvua.

Daftari hili nimepewa na binti yangu kwa hasira. Kasema, "Mama, kila kinachokujia kichwani andika humu, usiniulize mimi." Nilikuwa nimemuuliza kama tumbo limekaza. Kabla ya hapo nilimuuliza kama miguu imevimba. Kabla ya hapo sikumbuki, lakini nadhani nilimuuliza kama anasikia njaa. Sasa mama asipouliza atajuaje?

Basi naandika. Shule niliacha darasa la tano nikalee wadogo zangu, kwa hiyo nukta zitakaa zinapotaka zenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Daktari anasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Alituchorea kwenye karatasi, akaweka kidole pale: "Limekaa mlangoni, mama." Dawa yake ni kulala. Asiinue ndoo, asifue, asikimbie. Siku zikitimia atapasuliwa, mtoto atolewe kwa utaratibu. Damu ikionekana kabla ya hapo, hata tone, tusishauriane na mtu, twende mbio hospitali.

Kumlaza huyu mtoto ni kama kuufunga upepo kwa kamba. Tangu alipojifunza kutembea tunamwita Kiguu na Njia. Mumewe ni dereva wa lori, safari zake ndefu, ndiyo maana binti yuko kwangu, juu ya kitanda changu, na mimi niko kwenye godoro chini. Namsikia kila akigeuka. Anageuka sana.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Nguo za watu hazikauki. Dobi, bosi wangu, anatufokea sisi wapiga pasi kana kwamba mvua tumeileta sisi mfukoni.

Jumatano, tarehe 5

Nimerudi kazini nimemkuta Kiguu anaicheka simu. Kumbe mtunza maktaba wa mtaani kwetu ameanzisha kundi. Kila asubuhi ya msimu huu wa mvua anawatumia neno moja. Kila aliyemo anatunga hadithi au shairi la kutisha kutokana na neno hilo, analituma kabla jua halijazama. Ukikosa siku moja, umetoka. Watakaofika mwisho wa mwezi watasoma kazi zao maktaba mbele za watu.

"Vya kutisha?" nikamwambia. "Na hali hiyo uliyo nayo?"

"Mama, kutwa nzima nimelala kama maiti. Angalau nifanye kazi za maiti."

Nikatoka nikaenda kucheka jikoni, asinione.

Neno la leo lilikuwa "hodi". Kanionyesha alichotunga:

Mvua inapiga bati, nani anabisha hodi?
Si mtu wa nje, yu kati, anahema kwa baridi,
Namwita jina sipati, nikinyamaza huzidi,
Mgeni hana wakati, aja bila ya ahadi.

Nikamwambia zuri, vina vimekaa. Halafu nikarudi kwenye ule mstari wa "si mtu wa nje, yu kati". Nikamuuliza, "Huyu mgeni ni nani?" Akanijibu ni jini tu, mama. Nikasema haya, hakuna kitu, usiogope. Akanitazama kidogo, akageukia ukutani.

Ijumaa, tarehe 7

Leo nimwandike Mkwe, maana nimerudi nimejaa. Mkwe ni mama mzazi wa yule dereva. Namwita Mkwe, naye ananiita Mkwe, na heshima yetu inaishia hapo. Asubuhi nikienda kwa Dobi yeye ndiye anayekuja kukaa na Kiguu. Anakuja na mto wake wa kukalia, kana kwamba viti vyangu vina miiba. Hajawahi kuuacha. Anaubeba kwapani kuja, anaubeba kwapani kurudi.

Leo kashika shuka la mgonjwa, akalinyoosha upya. "Mkwe, hili kapiga pasi nani?"

"Mimi."

"Mm."

Mimi napiga pasi tangu Kiguu hajazaliwa. Hiyo "mm" nimekwenda nayo kazini, nimeunguza kola ya mtu.

Kabla sijatoka akaona na simu ya Kiguu. Akasema mwenye mimba hasikilizi mambo ya kutisha, mtoto anasikia yote, atajikunyata asitoke vizuri. Kiguu akasema ndiyo mama, nimesikia mama. Mkwe alipoingia chooni Kiguu akaingiza simu chini ya shuka akamalizia shairi lake. Nilimwona, nikanyamaza. Ukweli ni kwamba ninaogopa maneno yale yale aliyoyasema Mkwe. Mama yangu mimi alikuwa akisema maneno huumba. Hukutaja ugonjwa kwetu, hukutaja ajali. Ukitaja kitu, umekiita.

Lakini mtoto akiandika anatulia. Hageuki.

Jumapili, tarehe 9

Nimeingia kwenye kundi. Mungu anisamehe.

Kiguu ndiye aliyenichokoza. "Ingia, mama. Wewe unatisha kuliko wote mle ndani." Neno lilikuwa "ufunguo". Nikaandika habari ya jini aliyepoteza ufunguo wa kaburi lake. Akaja kugonga kwa mjane mmoja, macho mekundu, kucha ndefu, mvua inamchuruzika. Nilipofika pale mjane anafungua mlango, nikamwonea huruma yule jini, amelowa mno. Nikamwandikia kikombe cha chai.

Jumatatu, tarehe 10

Kundini kuna mtu anajiita Popo. Ameniandikia: "Huyu mama majini wake wana bahati. Mimi hata shemeji zangu hawanipi chai."

Wamecheka wote. Kiguu kacheka mpaka nikamwambia basi, basi, utatikisa tumbo.

Alhamisi, tarehe 13

Mvua haijakatika tangu juzi. Kuta zinatoa maji. Nimetunga kila siku. Mzuka wa kwenye kioo nilimtengenezea chai. Mchawi asiye na kichwa nilipata tabu, chai aimimine wapi, nikaishia kumpa blanketi.

Popo anadai nimefungua mkahawa.

Leo mtunza maktaba ameniandikia pembeni, kwa adabu: "Mama, kalamu unayo. Ila kila ukifika pa kuogopesha unakimbilia jikoni. Siku moja jaribu kubaki pale pale uone."

Ujumbe huu umenikaa. Nimepiga pasi nikiuwaza, nimefagia nikiuwaza. Kubaki pale pale! Wapi? Yeye anajua nikibaki nitaona nini?

Ijumaa, tarehe 14

Kiguu anasema mgongo unamuuma. Nimesema ni kulala sana, hakuna kitu. Nimeamka kumtazama, nimekaa, nimeamka tena. Neno lilikuwa "paka". Paka kanywa maziwa.

Jumamosi, tarehe 15

Neno la leo ni "kizingiti". Nusu siku kazini. Kiguu alikuwa amelala mchana ule, Mkwe kaenda kwake, mvua imetulia kidogo kuwa manyunyu. Nikakaa mlangoni na simu. Nikasema leo sikimbii.

Nimeandika hivi. Palikuwa na mwanamke na binti yake. Asubuhi moja kitu kikaja kikakaa kwenye kizingiti cha nyumba yao. Hakikubisha, hakikusema. Wageni walikiruka bila kukiona. Yule mama alikiona, akawa anafagia kukizunguka. Kila siku kilikuwa kimegeuka kidogo kutazama ndani. Binti akawa anauliza, "Mama, kuna nini mlangoni?" Mama anajibu, "Hakuna kitu." Kikageuka tena. "Mama, kuna nini?" "Hakuna kitu, lala." Ikafika siku mama kaamka, kizingiti ni kitupu, hakuna kilichokaa. Akashukuru, akaimba, akaenda chumbani kumwambia mwanawe. Akakuta kitanda kimetandikwa. Shuka limenyooka, halina hata mkunjo mmoja, kana kwamba hapajawahi kulala mtu.

Nikaishia hapo. Mkono ulitaka kuongeza kitu, binti awe yuko jikoni, awe ameenda dukani. Nikauzuia. Nikatuma.

Baadaye Popo akaandika: "Mama. Chai iko wapi leo? Nakuomba chai."

Na mtunza maktaba: "Hii ndiyo."

Sikuwahi kusifiwa kwa kitu nilichokiandika. Shuleni nilisifiwa kwa kufuta ubao. Nimezunguka nyumba yangu na kichwa kikubwa kama bibi harusi. Kiguu alipoamka sikumsomea. Nilimwambia niliandika habari za mlango, si nzuri.

Jumapili, tarehe 16

Naandika hospitali, kwenye benchi la korido. Naandikia gotini, na mwandiko wangu hata mezani ni shida.

Asubuhi nilikuwa nachemsha maji. Akaniita, "Mama." Hakupiga kelele. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba umsogezee kitu. Nikaenda. Akafunua shuka. Sitaandika nilichokiona, anayetaka kujua ajue ni kingi.

Nilisimama. Nikasema "hakuna kitu" nikiwa naitazama damu. Ndivyo nilivyosema, Mungu ni shahidi.

Mkwe akaingia wakati huo huo na mto wake kwapani. Akatazama mara moja. Mto ukaanguka kwenye maji ya mlangoni, hakuuokota. "Mkwe! Mpigie mtu mwenye gari. Wewe mwanangu lala kwa ubavu, usiinuke, usijikaze. Mkwe, simu!"

Mwenye gari ninayemjua mimi ni Dobi. Nikampigia Jumapili asubuhi, mtu ambaye hutufokea tukichelewa kidogo. Sikumaliza sentensi. Akasema, "Nakuja." Akaja na gari la kusambazia nguo, hakupoteza muda kushusha nguo za watu, zimening'inia kama zilivyo kwenye mifuko ya nailoni. Alimbeba Kiguu mwenyewe, na yule mtu mgongo wake ni mbovu, akamlaza chini kwenye blanketi. Njia nzima suti na magauni ya harusi yakawa yanayumba juu ya uso wa mwanangu. Barabara imegeuka mto. Dobi anapiga honi, anatukana mashimo, kisha anageuka nyuma anasema, "Samahani, mama zangu," anatukana tena.

Kiguu alikuwa mweupe midomoni. Akaninong'oneza, "Mama. Neno la leo ni nini?"

"Usiseme sana."

"Hizi nguo, mama. Zinatisha vizuri."

Walimpokea kwa machela. Mlango ukafungwa. Tukabaki Mkwe na mimi kwenye benchi, tumelowa, mikono yetu ina damu ya mtu mmoja. Baada ya muda mkunga akatoka akasema damu imepungua, mapigo ya mtoto yanasikika, mama ana fahamu, lakini harudi nyumbani tena mpaka ajifungue. Wamemwekea dripu, wamempa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto endapo atatoka mapema. Tukashukuru. Mkunga akaenda.

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikamwambia Mkwe, "Ni mimi. Nimeiandika jana mimi kwa mkono wangu." Akafikiri nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, kundi, maneno, majini, na kwamba mwanangu alikuwa anatunga chini ya shuka na mimi najua. Nikamwambia ulisema, Mkwe, ulitukataza. Nikangoja anipige kwa maneno. Ilikuwa haki yake.

Akasema, "Nisomee hiyo ya jana."

Nikasoma. Korido hiyo hiyo, watu wanapita na ndoo za kupigia deki. Nilipofika kwenye kitanda nikamalizia kwa kunong'ona. Mkwe akavuta pumzi puani.

"Sasa Mkwe, kama kalamu yako ina nguvu hizo, mbona hukuandika mvua ikatike, nguo za watu zikauke?"

Sikujua nilie au nicheke.

"Damu haijui kusoma," akasema. "Daktari alishakwambia limekaa mlangoni, na karatasi akakuchorea. Ukaandika ulichoambiwa. Kosa liko wapi?"

"Lakini wewe mwenyewe ulisema mtoto anasikia."

"Nilisema. Mtu akiogopa atasema chochote, apate cha kukataza." Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Huyo msichana hajakosa siku hata moja?"

"Hata moja."

"Akiamka akakuta ametolewa, utamwambia nini? Simu yake unayo? Neno la leo ni nini?"

Nikatazama. Neno lilikuwa "nyayo". Nikamwambia siwezi, leo sishiki kalamu hata kwa dawa.

"Wewe nani kakuomba utunge? Andika. Nasema mimi."

Akafumba macho, akaanza, polepole kama mtu anayesimulia kitu alichokiona. Kulikuwa na bibi mmoja anayekuja kwenye nyumba fulani kila asubuhi na mto wake. Hawampendi, lakini wamemzoea. Mvua inanyesha wiki nzima, njia ni tope tupu. Na kila siku bibi yule akiingia, sakafu haichafuki. Hakuna anayeangalia. Siku moja mwenye nyumba anainama kufagia, anaona: nyayo za bibi zinatoka tu, hakuna za kuingia. Anageuka taratibu. Mto uko kwenye kiti, umebonyea, na juu yake hakuna mtu.

Nywele zilinisimama. Nikamwambia, "Mkwe, huyo ni wewe."

"Nani kakwambia? Weka nukta."

Tukatuma kwa jina la Kiguu kabla jua halijazama. Mimi kwa jina langu sikutuma kitu, nimetoka. Sijali.

Mto wake bado uko pale mlangoni kwangu kwenye maji. Nikirudi nitaufua kwa mkono wangu.

Jumatatu, tarehe 17

Ameamka na njaa! Nimemsimulia ya nyayo, kacheka mpaka mkunga akaja kutukaripia, "Nyie wamama, huyu si wa kuchekeshwa." Mkwe akatazama dirishani kama si yeye.

Kisha Kiguu akarudi nyuma kwenye jumbe za kundi, akaifikia ile yangu ya Jumamosi. Nilitaka kumnyang'anya simu. Nikaacha. Alisoma polepole. Akarudia.

Nikaanza, "Mwanangu, nisamehe, sikuwa na nia..."

"Kwa hiyo unaogopa," akasema.

"Mimi?"

"Mama. Kila siku nikikuuliza unasema hakuna kitu. Nikisema mgongo, hakuna kitu. Nimeota damu, hakuna kitu. Nikawa nasema labda mimi ndiye nimeharibika kichwa, maana kinachokaa mlangoni nakiona peke yangu." Akaanza kulia, bila sauti. "Ungeniambia unakiona na wewe, ningelala."

Nilidhani mama kazi yake ni kuwa ukuta. Kumbe mtoto alikuwa anagonga huo ukuta miezi, anataka ajue kama upande wa pili kuna mtu.

Nikamwambia, "Nakiona tangu siku ile daktari alipochora."

Akasema, "Ahsante."

Kwa hofu! Mtu ananishukuru kwa hofu yangu.

Jumatano, tarehe 19

Hakuna damu. Mvua. Nimemletea Mkwe mto wake, mkavu, foronya nimeipiga pasi. Ameugeuza huku na huku. "Mm," akasema. Hii ya leo ilikuwa "mm" nyingine.

Jumamosi, tarehe 22

Kiguu alimwungamia mtunza maktaba kwamba ile ya nyayo si yake. Amejibiwa: "Sheria inanitaka nikutoe, lakini nikikutoa huyo bibi atanijia." Kabaki.

Mkwe anauliza kila asubuhi, kama mtu asiyejali, "Neno la leo nini?"

Jumanne, tarehe 25

Mapigo ya mtoto mazuri. Dobi ameuliza hali ya mgonjwa, kisha akafoka kuhusu mashati. Mvua.

Ijumaa, tarehe 28

Ya jana naiandika leo.

Jana asubuhi damu ilirudi, na safari hii haikuuliza. Nilikuwa nimeingia tu na chupa ya uji. Wakaja wengi, nguo za kijani, magurudumu. Daktari akasema hatungoji tena, tunamtoa mtoto sasa hivi. Mapema, lakini amekomaa kiasi. Akampa Kiguu karatasi ya kutia sahihi. Simu ikalia hapo kitandani, ujumbe wa kundi. Akasoma, akaanza kutikisika. Nikadhani degedege.

"Mama. Neno la leo. Kisu."

Alikuwa anacheka. Hata yule wa dawa ya usingizi alishindwa kujizuia.

Wakamsukuma. Nilikwenda naye mpaka pale unapoambiwa basi. Akanishika mkono. Uso hauna damu, macho makubwa kama alivyokuwa mdogo akipelekwa chanjo.

"Mama, nitapona?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema lile neno langu la siku zote. Nikalimeza.

"Sijui, mwanangu. Naogopa mpaka magoti. Lakini siondoki hapa."

Akanikazia mkono. "Hata mimi magoti," akasema. Wakampitisha.

Muda uliofuata siwezi kuueleza. Nilikaa, nikasimama, nikahesabu vigae nikapotea. Mkwe alikaa juu ya mto wake bila kuegemea. Mara moja mtu alitoka mbio akarudi na mifuko ya damu, tukashikana mikono wote wawili, na kucha zake ziliniingia nyamani na sikutaka azitoe. Mimi nilikuwa namwona waziwazi yule wangu wa kizingiti. Sikumfagia. Nikamwambia kimoyomoyo, nakuona. Kaa kama unataka kukaa, lakini nakuona.

Kwanza alitoka mtoto. Msichana, mwekundu, mdogo kama mkate, kavikwa kofia. Wakamkimbiza kwenye chumba cha joto. Alilia lakini kidogo, kama mlango usiopakwa mafuta. Mama yake hakutoka. Wakasema kondo liligandamana na kizazi, wanazuia damu. Tukangoja tena. Mkwe akawa anasema dua moja hiyo hiyo, na mimi naitikia, mpaka maneno yakaisha maana yakabaki pumzi.

Alitoka jua likiwa limeshainama. Hai. Wamelazimika kutoa kizazi. Daktari alituambia taratibu, akasema ilikuwa ni hicho au yeye. Mkwe, ambaye ana mtoto wa kiume mmoja tu na alishataja wajukuu mpaka majina, alisema bila kufikiri, "Mmechagua vizuri." Nikamtazama yule mwanamke. Mwezi mzima nilidhani amekuja kukagua mashuka yangu.

Leo Kiguu kaamka. Ameambiwa, amelia, nimelia naye, sikumnyamazisha. Dereva yuko njiani, kaliacha lori kwa mwenzake, anapiga simu kila kituo. Mchana Kiguu akaomba simu yake, akatuma sentensi moja tu: "Niliamka nikakuta nimeshonwa, na ndani hamna mtu." Popo akajibu kwamba leo yeye halali bila taa, na mtunza maktaba akaandika kwamba ya jana imesamehewa.

Jumapili, tarehe 30. Manyunyu.

Leo ndiyo siku ya kusoma maktaba. Kiguu amefika mwisho, ana haki, lakini hawezi hata kukaa sawasawa. Asubuhi kaniambia, "Nenda wewe. Nafasi yangu nakupa. Usome ile yako ya kizingiti."

"Mwanao yuko kwenye chumba cha joto na mpira puani, wewe umeshonwa, nami niende nikasome habari za kitanda kitupu?"

"Ndiyo."

"Si bora nisome ya jini na ufunguo?"

"Mama."

Mkwe akasema, "Nenda, Mkwe. Mimi nipo."

Nikaenda. Sakafu ya maktaba imelowa nyayo za watu, viti vimejaa. Mtunza maktaba ni kijana mwembamba mwenye aibu. Popo kumbe ni kinyozi mwenye mvi, kanipigia saluti. Nikasimama mbele na simu. Kusoma mbele za watu sijasoma tangu darasa la tano, na nilikuwa mtu wa kurukaruka mistari.

Nikaanza. Kikaja kikakaa. Kikageuka. Watu wakaacha kukohoa. Nilipokaribia mwisho nikasikia ile sauti yangu ya zamani inaniambia geuza, geuza upesi, mtoto wako yuko hospitali, mjukuu wako hajafika hata uzito wa mfuko wa unga, unaita nini wewe? Ningeweza. Nani angejua? Binti awe jikoni, binti anacheka, kila mtu arudi kwake salama.

Nikasoma kama ilivyo. Kitanda kimetandikwa. Shuka limenyooka. Hapajawahi kulala mtu. Nikashusha simu.

Hawakupiga makofi mara moja. Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa amemvuta mwanawe mkubwa kabisa akamkalisha pajani.

Nilitoka kabla ya vinywaji. Siku zote nikitoka mahali kwenda kwa mwanangu nakimbia, mpaka majirani wananitania. Leo nilitembea. Kila hatua hofu ilikuwa pembeni yangu, hatukuongea, tulikwenda tu pamoja mpaka getini.

Wodini Mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti. Alikuwa amemwekea Kiguu ule mto wake chini ya mgongo. Mkunga akaniambia mdogo amekunywa maziwa, kijiko kizima, hakutapika.

Binti yangu akafungua jicho moja.

"Umesoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Wakaogopa?"

"Sana."

"Vizuri," akasema, akalala.

Nikavua viatu vilivyolowa, nikakaa.